Mwana Anataka Ndege

Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nahl, ametutajia farasi, nyumbu na punda, kisha akatujulisha kwamba huumba na vinginevyo tusivyovijua. Basi kijana wa Kiislamu akijifunza kurusha ndege hana lawama.

Mzee mmoja wa hapa Igowole alinijia baada ya sala ya Alasiri. Mwanawe anasomea urubani, naye amemwomba auze shamba la miti amnunulie ndege ndogo, ili asikodi ya chuo kila saa. Mzee ana watoto watano. Akaniuliza, "Mwalimu, nifanyeje?"

Hoja ya kijana ina ukweli. Leseni ya rubani binafsi hutaka saa 40 za kuruka kwa uchache, na ya kazi kwa kawaida saa 200; kodi ya saa hizo ni mzigo. Lakini bei ya ndege ni mlango tu, gharama zimo ndani: usajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, bima, mafuta, banda, na ukaguzi wa fundi mwenye leseni. Injini nyingi za ndege hizi hufunguliwa na kutengenezwa upya zikifika saa 2,000 hivi. Kwa hiyo ndege ya bei rahisi huenda injini yake imebakiza saa chache. Tena kwetu Mufindi, nchi ya juu, hewa ni nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu, na ndege hutaka njia ndefu zaidi ili ipae.

Tutazame waliotangulia. Denys Finch Hatton, Mwingereza, alijifunza urubani, akanunua ndege aina ya Gipsy Moth, akaileta Kenya mwaka 1930. Tarehe 14 Mei 1931 alianguka Voi mara baada ya kupaa, akafa pamoja na mtumishi wake. Sababu haikujulikana kwa yakini. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba roho ya abiria ni amana mikononi mwa rubani. Bibi Florence Wilson, mjane, alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929 kwa Gipsy Moth moja. Yeye hakuwa rubani. Urushaji alimwachia Tom Campbell Black, aliyeijua kazi. Shirika lile likakua hadi vita vya 1939.

Nilimjibu mzee hivi. Mtume (s.a.w.) alikataa kumshuhudia Bashiri alipompa mwanawe Nuumani zawadi akawaacha ndugu zake. Miti ile usimpe mmoja. Kijana na amalize kwanza saa zake katika ndege ya chuo, apate leseni. Hapo, mkiona inafaa, nunueni kwa shirika, kila mtoto na fungu lake limeandikwa mbele ya mashahidi, bila mkopo wa riba; na fundi asiyekuwa wa muuzaji aikague kabla ya fedha kutoka.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Atadhani simpendi."

Nikamwambia, "Njoo naye Ijumaa, na ndugu zake wote. Asikie mbele yao kwamba wampenda, nao wasikie kwamba hukuwasahau."

Walikuja wote sita. Kijana hakufurahi siku ile, lakini alirudi chuoni kuendelea na saa zake. Miti ingali imesimama.