Kabla ya kuchukua mkasi: nywele za wamama wa machimbo, Kasongo na Kabambare

Ukifika Salamabila jua linapoelekea kuzama, utawatambua wamama twangeze kabla hawajafungua mdomo. Ni kijivu: nyusi kijivu, kope kijivu, kitambaa cha kichwa kijivu. Jina lao limetoka kwa neno letu kutwanga, likavishwa mkia wa Kifaransa, na kazi ni hiyo hiyo: kupokea jiwe lenye dhahabu kutoka shimoni na kulitwanga ndani ya kinu cha chuma mpaka liwe unga. Watu wanaongea juu ya kifua chao, na ni haki. Juu ya nywele zao hakuna anayeongea. Lakini mimi ninayezunguka machimbo kwa kazi ya sendika, kuanzia Kasongo mpaka Kabambare, neno ninalonong'onezwa mara nyingi baada ya mkutano, wakati wanaume wameshaondoka, ni hili: mama, nywele zimeshikana, hazifumuki, nifanye nini? Na wengi wanapouliza, mkasi uko tayari mkononi.

Wanaume wanasema nywele zitaota tena. Ndiyo, zitaota, lakini kwa mwezi mzima unywele unaota karibu sentimeta moja tu. Mama aliyekata nywele za sentimeta thelathini ametupa zaidi ya miaka miwili ya kichwa chake. Na huku kwetu, mwanamke anayetembea sokoni na kichwa kilichokatwa ovyo hapiti bila maswali. Umefiwa? Umegonjwa? Bwana amekufukuza? Msichana ambaye hajaolewa anaulizwa mabaya zaidi ya hayo. Hiyo si urembo tu, ni heshima ya mtu.

Tuanze na jinsi nywele zinavyoshikana. Kila kichwa kinapoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, hata kichwa chenye afya. Nywele zikiwa wazi, hizo zilizokufa zinatoka na kichanuo. Zikiwa zimesukwa, haziendi popote, zinabaki ndani ya msuko. Hesabu mwenyewe: ukikaa na msuko wiki sita, hata kwa hesabu ndogo ni zaidi ya nywele 2.000 zilizokufa ambazo bado unazibeba. Nywele zetu zimejikunja kama springi, kwa hiyo mfu anamzunguka mzima na kumkamata. Chini kabisa, pale msuko unapoanzia, jasho, mafuta na vumbi vinafanya pete ngumu. Kwa mama wa mjini pete hiyo ni uchafu wa kawaida, kidole kinaiponda. Kwa twangeze ni unga wa jiwe, nao una makali. Unakwaruza unywele mpaka unakuwa na magamba, na magamba yanashikana yenyewe kwa yenyewe.

Ongeza mzigo. Anayebeba gunia la jiwe au ndoo kwa kichwa, ngata inamsugua utosini kwa kila hatua, kutoka shimoni mpaka mtoni. Kusugua, joto na jasho ndiyo njia ile ile watu wa Ulaya wanayotumia kugeuza sufu ya kondoo kuwa blanketi zito. Ndiyo maana wabebaji nywele zao zinashikana utosini, na mgonjwa aliyelala wiki mbili na malaria zinashikana kisogoni. Waliokimbia vita kutoka upande wa Kabambare na kufika Kasongo baada ya siku nyingi porini, kila kichwa kilikuwa na yote hayo pamoja.

Sasa kosa kubwa ambalo karibu kila mtu analifanya. Siku ya mposho mama anafumua msuko wa wiki nyingi, anaona kichwa kimejaa unga, na jambo la kwanza ni kumwaga maji na saboni. Hapo ndipo kifundo kinapofungwa kweli. Nywele zilizokufa zikilowa kabla hazijatolewa, zinakaza na kuwa kama gamba la mti. Maji yanakuja mwisho.

Kwanza keti, tena usiketi peke yako, juu kisogo hukioni. Kung'uta unga ukiwa mkavu, ukiinamisha kichwa na kufunga pua na kitambaa. Gawanya kichwa mafungu manane au kumi na ufunge kila fungu mbali na lingine, usifungue mawili kwa pamoja. Chukua fungu moja, tia mafuta mpaka kifundo kiteleze. Mafuta ya karanga yanafaa, ya mbegu za ngazi yanafaa. Mawese pia yanafanya kazi, lakini yatachora kitambaa chako chote na nzi watakupenda. Acha robo saa. Halafu vidole, si kichanuo. Pasua kifundo katikati kama unavyopasua pamba, mara mbili, mara nne, kila mara ukitoa nywele zilizokufa na kuziweka pembeni. Kichanuo cha meno mapana kinaingia baadaye, na kinaanzia nchani: vidole viwili vya chini kwanza, kisha unapanda, mpaka shinani. Mkono wa pili unashika nywele juu ya kifundo, ili ukivuta, usivute ngozi. Ukianzia shinani kama wengi wanavyofanya, unasukuma vifundo vyote chini vikutane mahali pamoja.

Kifundo kikikataa, tia ute wa bamia iliyochemshwa na kupozwa. Najua, watu watasema chakula kinatupwa kichwani. Ute huo unateleza kuliko mafuta, na bamia tano zinatosha kichwa kizima. Ikiwa bado kinakataa, mkasi unaruhusiwa, lakini unapita wima ndani ya kifundo, kufuata urefu wa nywele, kukipasua vipande. Usikate mlalo. Kwa njia hiyo unapoteza nywele kiasi, si kichwa chote. Mafungu yote yakiisha, sasa osha, nywele zikiwa bado katika mafungu yake, maji yakishuka kutoka shinani kwenda nchani bila kuzungusha zungusha. Kichwa kibaya sana kinaweza kula siku mbili. Na chini ya kifundo ukikuta kidonda, usaha au mapunye, acha mafuta, nenda kwa muuguzi, na kichanuo hicho asikitumie mtoto.

Ili usifike huko, msuko usizidi wiki nne kwa anayetwanga. Nywele za uzi, zile za bibi zetu ambazo wasichana siku hizi wanazionea haya juu ya meshi, ni bora kwa kazi hii kuliko zote: uzi unafunika unywele kutoka chini mpaka juu, vumbi halina pa kuingia, na zinafumuliwa kwa saa moja. Usipake mafuta mengi asubuhi kabla ya kazi, mafuta na unga vinakuwa saruji. Paka usiku. Kitambaa cha kitenge kifungwe juu, lakini ndani yake weka kingine laini cha satini ukikipata, hata kipande cha gauni kuukuu, juu pamba inavuta unywele. Na usisuke kwa kukaza mpaka macho yanavutwa: nywele za pembeni ya paji zikishakufa, mafuta hayazifufui.

Wazee wetu walijua kuzituliza nywele. Stanley alipopita inchi ya Manyema mwaka 1876, aliandika juu ya wanaume waliobandika udongo kwenye nywele na ndevu, ukakauka kama mapambo. Unywele uliofungwa ndani ya udongo hausugui mwenzake. Lakini udongo ule mtu alijipaka mwenyewe, kwa saa aliyoichagua, na aliutoa alipotaka.

Vumbi la leo halichaguliwi, na hapa ndipo jambo linapoingia ndani ya kazi ya sendika. Unga unaoshika nywele ndio huo huo unaovutwa na kifua. Nywele zinaonyesha kwa macho kile ambacho mapafu yanaficha. Tulipendekeza jiwe limwagiwe maji kidogo kabla ya kutwangwa. Ma-PDG, wenye mashimo, wakakataa: unga wenye maji haupiti kwenye chekeche, na anayelipwa kwa beseni hawezi kusubiri ukauke. Niseme ukweli, wamama wengine walikuwa upande wao, na siwalaumu, beseni ndiyo chakula cha usiku. Kilichokubalika ni kufunika mdomo wa kinu kwa kipande cha gunia chenye tundu la mchi, kilichofungwa na mpira. Hakigharimu kitu. Vumbi linapungua vizuri, na mama anayefunika kinu anaonekana jioni: nyusi zake ni nyeusi.

Mashine za kusaga jiwe zinazidi kuingia, nazo zina hatari nyingine. Mkanda unaozunguka haujui meshi ni ya nani. Msuko mrefu ulioachwa wazi, au ncha ya kitambaa inayoning'inia, ukikamatwa unavuta ngozi ya kichwa. Wakati wa vita kuu ya pili, nchini Marekani, nyota wa sinema Veronica Lake alibadilisha nywele zake zilizofunika jicho moja, juu wanawake wa viwandani waliziiga na zilikuwa zinanaswa na mashine. Kwetu hatuhitaji sinema. Kwenye kila mashine, nywele zinaingia ndani ya kitambaa, na ncha za kitambaa zinaingia ndani ya kitambaa.

Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inasema juu ya afya na usalama wa mfanyakazi, lakini twangeze hana mkataba, hana karatasi, mara nyingi hana hata jina kwenye daftari la shimo. SAEMAPE, iliyochukua nafasi ya SAESSCAM mwaka 2017, ina kazi ya kusaidia wachimbaji wa mikono, na kwetu anayetwanga ni mchimbaji sawa na anayeshuka shimoni. Tunachoomba ni kidogo: pipa la maji safi kwa kuoga, mbali na maji ya kuoshea mchanga, kibanda chenye kivuli, na mposho, kuanzia saa sita mchana, vinu visimame.

Kwenye shimo moja tu hilo la mwisho limekubaliwa. Wamama wanaketi kwa safu, mmoja mbele ya mwingine, wa nyuma anafumua wa mbele, na chupa ya mafuta ya karanga inapita. Wale wanaolipwa kwa beseni wanapoteza nusu siku ya pesa, na neno la nani atairudisha hiyo nusu siku bado liko mezani. PDG anasema ni wamama wenyewe. Sisi tumepeleka hesabu: beseni mbili kwa kila mama, kwa wiki, zitoke kwenye fungu la shimo. Tunangoja jibu lake.