Tulishinda, walishindwa: kiambishi kinapomsaliti shabiki

Baba akiletewa ripoti ya shule yenye alama nzuri, husema, "Mwanangu ana akili." Siku mtoto huyo huyo anapovunja kioo cha jirani, baba humgeukia mkewe na kunena, "Mwone mwanao!" Mtoto ni mmoja, kilichobadilika ni kimilikishi tu. Tumeizoea hali hii hata hatuisikii tena. Mimi, ambaye riziki yangu ni kuchunguza lugha, niliisikia barabara kwa mara ya kwanza nikiwa mbali na nyumbani, na walionizindua walikuwa mashabiki wa mpira.

Mwaka 2007 nilikuwa masomoni Marekani, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, nikifundisha pia darasa dogo la Kiswahili la mwaka wa pili. Mpira ninaouzungumzia si kandanda yetu. Ni ule unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, mpira wenyewe una umbo la yai, na wachezaji huvaa kofia ngumu kana kwamba wanakwenda vitani. Huko timu za vyuo vikuu zina wafuasi wasiohesabika. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan huingiza watu zaidi ya laki moja, na mechi ya kufungua msimu husubiriwa kama mwezi wa Idi.

Msimu huo ulifunguliwa Jumamosi, Septemba 1. Michigan ilikuwa imeorodheshwa ya tano nchini. Wageni walikuwa Appalachian State, chuo cha Boone, mji mdogo wa milimani katika North Carolina. Ni kweli walikuwa mabingwa wa 2005 na 2006, lakini wa daraja la chini yake. Walilipwa dola 400,000 kwa safari hiyo, na kila mtu mjini alijua walialikwa kuja kunyolewa bila maji. Asubuhi barabara zilifurika mavazi ya buluu na ya ile njano ambayo wenyeji huiita rangi ya mahindi. Kila niliyemsalimu alisema: tutawachapa, tutawafundisha adabu, tutawarudisha milimani wakilia.

Mambo yalikwenda mrama. Kufikia mapumziko wageni waliongoza kwa pointi 28 kwa 17. Michigan walijikokota hadi wakatangulia kwa 32 kwa 31, zikiwa zimesalia dakika chache. Kisha, sekunde 26 kabla ya kipenga cha mwisho, wageni wakapiga teke lililopita kati ya milingoti na kuwapa pointi tatu: 34 kwa 32. Wenyeji nao wakapata nafasi ya kupiga teke kama hilo, lakini Corey Lynch wa Appalachian State akaruka na kuuzuia mpira. Watu 109,218 wakapigwa na bumbuazi. Tangu madaraja hayo yatenganishwe mwaka 1978, haikuwa imetokea timu iliyoorodheshwa miongoni mwa bora za taifa kushindwa na timu ya daraja hilo la chini.

Jioni nilisimama kando ya njia nikiwasikiliza mashabiki wakirejea makwao. Ndimi zilikuwa zile zile za asubuhi, ila sarufi ilikuwa nyingine. Walicheza ovyo. Walidharau wageni. Kocha wao amezeeka. Mzee mmoja alimkumbusha mwenzake, "Mwaka 1997 tulichukua ubingwa wa taifa. Leo wametuaibisha." Hebu msomaji, itafakari kauli hiyo kwa Kiswahili. Katika "tulichukua", tu- ni mtenda. Katika "wametuaibisha", tu- hiyo hiyo imehamia nafasi ya mtendwa. Shabiki aliyekuwa mshindi pamoja na wachezaji sasa ni majeruhi wao!

Juma lililofuata niliwaomba wanafunzi wangu waandike walivyoutumia mwisho wa wiki. Mmoja aliandika: "Jumamosi tulikwenda uwanjani. Tuliongoza, halafu walishindwa." Nilishika kalamu nyekundu nisahihishe kosa la upatanisho, kisha nikaiweka chini. Halikuwa kosa. Kijana yule alikuwa ameandika ukweli wa moyo wake kwa usahihi wa kutisha.

Wanasaikolojia walikuwa wameligundua jambo hili kitambo. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu saba vya Marekani, Michigan kikiwemo. Waliona kwamba Jumatatu baada ya ushindi, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo kuliko baada ya kushindwa. Walipowapigia wengine simu kuwauliza habari za mechi, "sisi" ilisikika zaidi katika simulizi za ushindi, na "wao" katika zile za kushindwa. Tena waliong'ang'ania "sisi" ya ushindi hasa ni wale waliokuwa wameambiwa punde kwamba wamefanya vibaya katika jaribio. Aliyevuliwa nguo huazima ya jirani.

Januari 1, 2008, Michigan hao hao waliwashinda Florida kwa 41 kwa 35. Tulipofungua chuo, mwanafunzi wangu alinilaki mlangoni: "Mwalimu, tuliwashinda Florida!" Kiambishi kilikuwa kimerudi kutoka uhamishoni.

Tusiwacheke. Mashabiki wetu wa Gor Mahia na AFC Leopards ni mabingwa wa sarufi hiyo. Lakini shabiki ana udhuru: hakuwa uwanjani. Hakutoa jasho siku ya ushindi wala siku ya kushindwa, kwa hivyo tu- yake ni mapenzi tu. Je, sisi walimu? Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, sikiliza katika majumba ya walimu. "Tumepata alama za juu Kiswahili." Mwaka wa pili, mambo yakienda kombo: "Wameanguka. Wanafunzi wa siku hizi hawasomi." Mwalimu hakuwa jukwaani akishangilia. Alikuwa uwanjani tangu kidato cha kwanza, chaki mkononi.

Nasema haya nikijua kidole kimoja chanielekea. Kuna muhula nilimwambia mwenzangu kwamba darasa langu la semantiki "tumefanya vyema", na katika pumzi hiyo hiyo nikasema lile la fonolojia "wamefeli". Yote mawili nilikuwa nimeyafundisha mimi. Baadaye nilipozipekua karatasi za fonolojia, niliona kwamba wengi walikuwa wamekosea swali lile lile, kwenye mada niliyoipitia harakaharaka muhula ukielekea ukingoni. Kama ningesema "tumefeli", ningezipekua siku ile ile.

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nami nawasihi walimu wenzangu: matokeo mabaya yajapo, tusikibadilishe kiambishi. Mwanafunzi aliyeanguka akisikia mwalimu wake akisema "tumeanguka", atajua kwamba hakuachwa uwanjani peke yake, na kwamba kesho watarudi kufanya mazoezi pamoja.