Krefishi: Mtambue Kabla Hajatoboa Ukingo wa Silanga

Wakati wa kiangazi, wakazi wengi wa Kaunti ya Machakos hutegemea silanga na mabwawa ya udongo kwa maji ya mifugo, ya mboga na hata ya nyumbani. Ukingo ukitobolewa, maji yaliyokusanywa msimu mzima huvuja. Krefishi mwekundu ni mmoja wa wanyama wanaochimba kingo hizo.

Asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Mwaka 1970 aliingizwa katika Ziwa Naivasha ili avuliwe na kuuzwa. Huko amelaumiwa kwa kutoweka kwa mayungiyungi na mimea mingine ya majini. Pia huharibu nyavu na kula samaki walionaswa.

Namna ya kumtambua

Usimchanganye na kaa wa mto, ambaye ni mwenyeji wa mito yetu na hana hatia. Kaa ana mwili wa mviringo na mkia uliokunjwa chini ya tumbo. Krefishi ana mwili mrefu, mkia unaoonekana wazi, na magando mawili yenye vinundu vyekundu. Akikomaa huwa mwekundu uliokoza, na hufikia takriban sentimita 12. Wachanga huwa na rangi ya kijivu au kijani. Kagua pia mashimo ukingoni, karibu na usawa wa maji.

Anavyoenea

Nyakati za mvua hutembea nchi kavu hadi kwenye maji mengine. Maji yakikauka, hujificha shimoni. Jike mmoja hubeba mamia ya mayai chini ya mkia. Lakini safari zake ndefu hubebwa na binadamu, ndani ya ndoo.

Je, si anakula konokono wa kichocho?

Ni kweli. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba anaweza kupunguza konokono hao na maambukizi. Hata hivyo, akishaingia bwawani ni vigumu sana kumtoa. Kichocho kina dawa hospitalini. Bwawa lililobomoka halina. Usimweke majini kwa uamuzi wako. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inataka kibali kabla ya kuingiza samaki wa kigeni.

La kufanya ukimwona

• Usimrudishe majini wala kumsafirisha akiwa hai.
• Mpige picha, andika jina la bwawa, kisha umjulishe afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yako.
• Usitie dawa ya wadudu majini. Sumu hiyo itadhuru samaki, mifugo na watu.
• Kagua vifaranga vya samaki kabla ya kuvimwaga bwawani.
• Osha nyavu, ndoo na mabuti, kisha uvianike juani kabla ya kwenda bwawa lingine.
• Kamati ya bwawa ikague ukingo mara kwa mara, na izibe mashimo kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kabla ya mvua kuanza.