Pikseli Moja Ina Upana Gani?

Mtu akiniuliza pikseli ina upana gani, nami humuuliza: kwa umbali gani? Kwenye kioo cha simu haibadiliki. Ndani ya mandhari inayochorwa na kompyuta, kadiri kitu kinavyokaa mbali na kamera, ndivyo pikseli ileile inavyofunika eneo kubwa zaidi.

Hesabu yake ni fupi. Zidisha umbali kwa 2, kisha kwa tanjenti ya nusu ya pembe ambayo kamera huona kutoka juu hadi chini. Jibu ligawe kwa idadi ya pikseli kutoka juu hadi chini. Tuseme pembe hiyo ni nyuzi 60 na skrini ina pikseli 1080. Mita 10 mbele ya kamera, pikseli moja hufunika sentimita 1.07; kwa mita 100, sentimita 10.7; kwa kilomita moja, zaidi ya mita nzima. Mtu wa mita 1.7 aliyekuwa na pikseli 159 hubaki na 16, halafu moja na nusu. Umbali wenyewe hupimwa kwa kufuata mwelekeo kamera inakotazama, si kwa mshazari hadi kwenye kitu. Wengi hukosea hapo.

Sasa tazama paa la bati. Migongo yake imeachana kwa sentimita 8 hivi. Ili mgongo na bonde vionekane, kila kimoja kinahitaji angalau pikseli yake, yaani pikseli isizidi sentimita 4. Kwa kamera yetu, bati likitukabili wima, mpaka huo ni mita 37. Likilala, huharibika mapema zaidi. Ukivuka hapo, paa linaota mistari mipana ambayo fundi hakuiweka, na kamera ikisogea mistari hiyo inatambaa na kumetameta.

Mwaka 1983 mtaalamu wa michoro ya kompyuta, Lance Williams, alichapisha dawa ya mistari hiyo ambayo mpaka leo naistahi. Picha ya bati inayobandikwa juu ya paa huandaliwa mapema kwa ngazi, kila moja nusu ya upana wa iliyotangulia: pikseli 1024, 512, 256, hadi 1. Kompyuta hukadiria pikseli inafunika eneo gani, kisha huchukua ngazi inayolifaa. Kumbukumbu inayoongezeka ni theluthi tu, na bati la mbali hutulia likawa kijivu.

Maumbo nayo hupimwa vivyo hivyo. Kama kamera haitalisogelea paa chini ya mita 30, msumari wenye kichwa cha sentimita 1.5 haufikii hata nusu ya upana wa pikseli. Huo siuchongi.