Tufe la mwezi la karatasi: Mfundishe mtoto kwa nini baba haendi ziwani

Mwanza. Kuna siku katika kila mwezi ambazo baba analala nyumbani. Kwa familia za wavuvi wa dagaa, kuanzia mitaa ya Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, watoto huzizoea siku hizo kabla hawajajua sababu yake. Mitumbwi imevutwa mchangani, taa zimewekwa ndani, na mama anahesabu fedha ya matumizi kwa uangalifu kuliko wiki iliyopita. Mtoto akiuliza, jibu ni fupi: mwezi umejaa.

Jibu hilo ni la kweli, lakini kwa mtoto wa darasa la tatu halitoshi. Mwezi unajaaje? Wiki mbili zilizopita ulikuwa wapi? Unamzuiaje baba kuvua? Mzazi hahitaji kuwa mwalimu wa sayansi ili kuyajibu. Anaweza kukaa na mwanawe Jumamosi moja wakatengeneza tufe dogo la mwezi kwa karatasi, kisha tochi ikafanya kazi iliyobaki.

Dagaa na mbalamwezi

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi taa za betri na za sola zimeenea. Giza likiwa zito, taa ya mvuvi ndiyo mwanga pekee juu ya maji. Dagaa huifuata, hukusanyika chini yake, na wavu huwazingira.

Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina mwanga. Taa hupoteza nguvu yake na dagaa hutawanyika. Ndiyo maana wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa mwezi unapokaribia kujaa na baada ya kujaa. Mtoto wa mvuvi, kwa hiyo, anaishi kwa kalenda ya mwezi hata kama hajawahi kuisoma.

Vifaa vinavyohitajika

Tafuta mpira mdogo wa plastiki wenye mzingo wa sentimita 30. Pima kwa uzi: uzungushe katikati ya mpira, kisha uulaze kwenye rula. Andaa pia karatasi mbili za A4, penseli, mkasi usio na ncha kali na gundi. Gundi ya uji mzito wa unga wa ngano inafaa, ila ipikwe na mtu mzima na iachwe ipoe.

Kwenye intaneti zipo ramani za mwezi zisizo na malipo ambazo tayari zimegawanywa katika vipande 12 vyembamba. Picha nyingi zinazotumika siku hizi zimetokana na chombo cha Marekani kiitwacho LRO, kilichorushwa Juni 2009 na ambacho kimeupima na kuupiga picha mwezi karibu wote. Mwombe mtu wa steshenari akuchapie kwa vipimo unavyotaka, kila kipande kiwe na urefu wa sentimita 15.

Kwa nini vipande? Mwonyeshe mtoto kwa chungwa. Ganda la chungwa likibandikwa mezani linapasuka, kwa sababu kitu cha duara hakikubali kulazwa bapa. Karatasi nayo haikubali kuvikwa kwenye mpira bila kukunjamana, mpaka ikatwe kama maganda membamba yanayokutana juu na chini.

Kama hakuna printa

Kipande unaweza kukichora mwenyewe. Piga mstari wa wima wenye urefu wa sentimita 15. Katikati yake, upana uwe sentimita 2.5. Ukipanda au kushuka sentimita 2.5 kutoka katikati, upana uwe sentimita 2.2. Kwenye sentimita 5 kutoka katikati, upana uwe sentimita 1.25. Mwishoni, juu na chini, kipande kiwe ncha. Unganisha alama hizo kwa mstari wa kujipinda, na utapata umbo linalofanana na mtumbwi mwembamba unaotazamwa kutoka juu.

Kata vipande 12 vya aina hiyo. Mpira wako ukiwa na mzingo tofauti, gawanya mzingo kwa 12 kupata upana wa katikati, na kwa 2 kupata urefu. Hili ni zoezi zuri la kugawanya kwa mtoto wa darasa la nne au la tano.

Kubandika

Kama vipande vina ramani, viandike namba 1 hadi 12 kwa nyuma kabla ya kukata, ili kila kimoja kikae na jirani yake. Chora mstari unaouzunguka mpira katikati, kisha weka alama ya ncha ya juu na ya chini.

Usianze upande mmoja ukazunguka hadi mwisho, maana makosa madogo yatajilimbikiza na kipande cha mwisho kitakosa nafasi. Bandika kwanza vipande vinne, namba 1, 4, 7 na 10, vikiwa mbalimbali kwa usawa. Kisha jaza mapengo. Paka gundi kidogo tu, kwa kuwa karatasi iliyolowa sana hutanuka na kuchanika. Mwisho, funika ncha mbili kwa viduara vidogo vya karatasi.

Aliyetumia karatasi tupu asubiri ikauke, kisha achore madoa meusi kwa penseli akiutazama mwezi wenyewe au picha yake. Madoa hayo huitwa bahari, ingawa hayana maji. Ni nyanda za miamba ya volkano ya kale. Moja inaitwa Bahari ya Utulivu. Hapo ndipo Apollo 11 ilipotua Julai 20, 1969, ambayo kwa saa za Tanzania ilikuwa saa 5:17 usiku.

Atakayechora kwa kutazama angani atagundua kwamba nusu ya tufe lake inabaki nyeupe. Asisikitike. Mwezi hutuonyesha uso uleule siku zote, na hadi Oktoba 1959, chombo cha Umoja wa Kisovieti cha Luna 3 kilipopiga picha upande wa nyuma, hakuna mtu duniani aliyejua nusu hiyo ikoje.

Tochi kama jua

Usiku, zima taa. Weka tochi mezani na mkalishe mtoto kwenye kiti kirefu katikati ya chumba, mwanga ukimfikia kichwani. Kichwa chake ndicho dunia. Usitumie mshumaa karibu na karatasi.

Mzazi ashike tufe juu kidogo ya kichwa cha mtoto na kumzunguka taratibu, akihakikisha uso wenye Bahari ya Utulivu unamwelekea mtoto wakati wote. Tufe likiwa upande wa tochi, mtoto ataona upande wenye giza. Hizo ndizo siku baba anaingia ziwani. Likifika nyuma yake, ataliona limewaka lote. Huo ni mwezi mpevu, na mitumbwi inapumzika.

Sasa lishushe tufe liingie kwenye kivuli cha kichwa chake. Hivyo ndivyo mwezi ulivyopatwa usiku wa Septemba 7, 2025, ulipofunikwa wote na kivuli cha dunia kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku.

Kesho yake nendeni uwanjani. Kwa kipimo cha tufe hili, dunia ingekuwa kama beseni la duara lenye upana wa sentimita 35. Liweke chini, kisha mtoto atembee na mwezi wake mita 10 na nusu. Huo ndio umbali halisi kwa kipimo hicho, kwani mwezi uko kilomita 384,400 kutoka kwetu. Ziwa Victoria lote lingekaa kwenye nafasi isiyofika sentimita moja.

Mwezi wa Mwanza umelala

Vitabu vingi kutoka nje huchora mwezi mchanga ukiwa umesimama. Mwanza iko karibu sana na ikweta, hivyo hapa mwezi mwandamo huonekana umelala kama mtumbwi. Mtoto asidhani amekosea kuchora.

Mwezi mpevu ukichomoza jioni, mwambie aelekee mashariki na alaze tufe, ncha ya kaskazini iwe mkono wa kushoto. Juu kabisa ataona doa dogo la duara lililojitenga na mengine. Alfajiri, mwezi ukielekea kuzama magharibi, doa hilohilo litakuwa chini. Familia ya mvuvi huamka mapema. Hili haliwagharimu chochote kulihakiki.

Mpe kalenda aihesabu

Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Baada ya kujaa, kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Siku ya nne, jioni inakuwa na saa tatu hivi za giza kabla mwezi haujatokea.

Mpe mtoto daftari aandike kila jioni saa ambayo mwezi umechomoza. Kisha mwambie akadirie siku ambayo baba atarudi ziwani, na amuulize baba kama amepatia. Baba anaijua hesabu hiyo tangu alipoanza kuvua, na hapo ndipo zamu yake ya kufundisha inapoanza.