Oldoinyo Lengai na siri ya mifereji ya Zuhura

Watalii wengi wanaopita Karatu huishia katika Kreta ya Ngorongoro. Ni wachache wanaofika Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, ulioko wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, kusini mwa Ziwa Natron. Hata hivyo, wanasayansi wanapojadili sayari ya Zuhura, mlima huo ndio hutajwa.

Chanzo ni picha za Magellan, chombo cha Marekani kilichorushwa Mei 1989 na kufika Zuhura Agosti 1990. Kwa kuwa mawingu mazito huifunika sayari hiyo daima, chombo hicho kilitumia rada, na hadi kilipomaliza kazi mwaka 1994 kilikuwa kimechora ramani ya asilimia 98 ya uso wake. Rada ilionyesha mifereji myembamba inayopindapinda kama mito. Mmoja wao, Baltis Vallis, una urefu wa kilomita zipatazo 6,800, yaani unaupita hata Mto Nile.

Ni kitu gani kilichouchimba? Joto la Zuhura ni nyuzi 465 hivi za Selsiasi, hivyo maji hayawezi kutiririka huko. Lava ya kawaida nayo hutoka ikiwa na nyuzi zipatazo 1,100, na kwa kawaida huganda kabla ya kufika mbali.

Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonatiti yenye sodiamu nyingi. Kwa lugha ya jikoni, ni kama magadi yaliyoyeyuka. Lava hiyo hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi, na hutiririka karibu kama maji. Ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Mlipuko wa majivu wa mwaka 2007 na 2008 uliikatiza, lakini baadaye ilirejea. Lava ya namna hiyo ikimwagika Zuhura, ambako ardhi yenyewe ina joto linalokaribiana na lake, ingeweza kusafiri mbali mno bila kuganda.

Hiyo bado ni dhana. Wapo wanaopendekeza salfa iliyoyeyuka, au lava nyepesi za aina nyingine. Hakuna chombo kilichotua ndani ya mifereji hiyo, na kutua kwenyewe ni shida: Venera 13 ya Wasovieti, Machi 1982, ilidumu dakika 127 tu. Mwaka 2021 NASA ilichagua safari mbili mpya, DAVINCI na VERITAS. VERITAS imebuniwa kubeba rada yenye uwezo kuliko ya Magellan, pamoja na kifaa cha kutambua aina za miamba kutoka angani.