MIMBA IKIKATAA KUSHIKA

Likizo iliyopita nilimkuta shangazi yangu jikoni akilia kimyakimya. Kisa na maana? Viinitete alivyopandikizwa hospitalini vilikuwa vimekataa kushika kwa mara ya pili, na wifi yake keshamwita tasa. Ah, nilikasirika! Nikaamua kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Katika matibabu haya, yai la mama na mbegu ya baba hukutanishwa kwenye maabara. Kiinitete kikishakua kwa siku tatu au tano hivi, hutiwa katika mji wa mimba. Mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hii ni Louise Brown, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978. Hapa Kenya tulipata wetu wa kwanza mwaka 2006.

Sasa mbona kikatae kushika? Aghalabu kasoro imo katika kiinitete chenyewe: kromosomu zake zimezidi au zimepungua. Jambo hili huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga, hasa baada ya miaka 35. Si laana, wala si ati mama aliinua mtungi! Wakati mwingine shida ni shamba, si mbegu: uvimbe ndani ya mji wa mimba, kovu, au mrija wa uzazi uliojaa maji yanayovujia humo. Baba naye asijitoe. Mbegu zake hupimwa vilevile.

Basi kabla ya kurudia, heri kutafuta chanzo. Daktari huweza kuchungulia ndani kwa kamera ndogo, akaondoa uvimbe. Mrija wenye maji ukitolewa au ukizibwa, nafasi ya kupata mimba huongezeka. Kuacha sigara pia husaidia. Lakini tahadhari! Si kila kinachouzwa ni dawa. Wengine walikwaruzwa ukuta wa mji wa mimba ati kiinitete kishike. Utafiti wa wanawake 1,364 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba jambo hilo halikuongeza watoto.

Shangazi alipochunguzwa, mrija wake mmoja ulikutwa umejaa maji. Umeshatolewa, na atajaribu tena mwezi wa nane. Hakuna awezaye kumwahidi mtoto, ila safari hii anajua anapambana na nini.

Nasi wenzangu, tuchunge ndimi zetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hayo machache, nakunja jamvi.